Paneli za VPS: ipi inastahili RAM yako na ipi uipite

Ukikodi VPS (seva pepe ya kukodi) unapata paneli mbili za kuisimamia, na wengi hutambua kwamba ni mbili siku ambayo moja imegoma. Ya kwanza ni ya kampuni inayokukodisha: huenda ni SolusVM, Virtualizor au waliyoiunda wenyewe. Hiyo inakaa nje ya seva. Inawasha na kuzima mashine, inasakinisha upya mfumo endeshi, inapiga snapshoti (nakala ya hali ya seva), inaweka rekodi ya PTR, inayotafsiri anwani yako ya IP kuwa jina, na inafungua koni ya VNC, yaani skrini ya seva kana kwamba umeichomekea kioo na kibodi. Ya pili unaisakinisha mwenyewe ndani ya seva: cPanel, Plesk, DirectAdmin, HestiaCP na ndugu zao. Hiyo ndiyo inayoshughulikia tovuti, hifadhidata, barua pepe, vyeti vya SSL na watumiaji.

Tathmini nyingi hulinganisha za ndani tu, tena kwa picha za dashibodi. Sisi tunaanzia nje, kwa sababu paneli ya ndani ni programu kama nyingine. Diski ikijaa, nayo inalala. Faiwoli ikikufungia mlango, nayo iko upande wa pili wa mlango huo. Kinachobaki mkononi ni koni ya VNC.

Kwa hiyo usikimbilie kulipia mwaka mzima. Lipia mwezi mmoja, kisha ijaribu kampuni kwa mambo matatu. Fungua koni uingie kama root, mtumiaji mwenye mamlaka yote, kwa nenosiri, si kwa ufunguo wa SSH (njia salama ya kuingia seva kwa amri ukiwa mbali), maana koni haiujui ufunguo wako. Washa hali ya uokoaji, ile inayowasha seva kwa mfumo mdogo wa pembeni, halafu andika `lsblk` na uone kama diski yako inaonekana na inapachikika kwenye `/mnt`. Mwisho, angalia kama rekodi ya PTR unaiweka mwenyewe au mpaka uombe. Kampuni ambayo koni yake haifunguki hadi uwaandikie huduma kwa wateja, achana nayo hata kama bei yake inavutia. Jambo dogo linalosumbua sana: koni nyingine hugeuza alama za kibodi, @ ikawa kitu kingine kabisa. Nenosiri la root liwe refu, lakini la herufi na tarakimu tu.

Andika pia `systemd-detect-virt`. Ikijibu `kvm`, una kiini (kernel) chako mwenyewe na paneli yoyote itakubali. Ikijibu `openvz` au `lxc`, unatumia kiini cha mwenye mashine, na mambo ambayo paneli huyatarajia, kama swapi (sehemu ya diski inayotumika kama RAM ya dharura), kota za diski na moduli za faiwoli, yanaweza kukataa. Hapo skripti ya usakinishaji hukatika katikati na kukuachia seva isiyo mbichi wala si mbivu.

RAM kwanza, sura baadaye

Sakinisha paneli kwenye seva tupu, subiri dakika 10, kisha andika `free -m` na usome safu ya `available`. Usisome ya `free`, maana Linux hutumia RAM iliyolala kama akiba ya diski na namba hiyo hukutisha bure. Hicho kinachobaki kwenye `available` ndicho ulichonunulia tovuti zako. Mlafi mkubwa kwa kawaida si paneli yenyewe, ni ClamAV: ikipakia orodha yake ya virusi hula zaidi ya GB 1 peke yake. Kwenye VPS ya GB 2 ni sawa na kumlipa mlinzi nusu ya mapato ya duka.

Mtego wa pili ni PHP-FPM, inayoendesha msimbo wa PHP wa tovuti. Paneli nyingi za kisasa hukipa kila kikoa kundi lake la michakato, kila kundi na kikomo chake cha `pm.max_children`. Chukua vikoa 10, kila kimoja kikiruhusiwa michakato 8, na kila mchakato wa WordPress ukitumia takriban MB 60. Hiyo ni michakato 80, karibu GB 4.8, kwenye seva ya GB 2. Siku za kawaida huoni kitu. Roboti za utafutaji zikivamia vikoa vitatu kwa mpigo, kiini cha Linux kinaanza kuua mchakato mnene kuliko yote, na mara nyingi huo ni MariaDB, yaani hifadhidata yenyewe. Mteja anaona WordPress ikilalamika kwamba haiwezi kuunganika na hifadhidata, unaiwasha upya, inarudi, baada ya saa mbili inakufa tena. Ushahidi uko hapa: `journalctl -k | grep -i "out of memory"`.

Dawa yake ni hesabu. Toa RAM inayotumiwa na mfumo na hifadhidata, gawanya inayobaki kwa ukubwa wa mchakato mmoja, kisha gawia vikoa kulingana na wageni wao. Kwenye GB 2 ambayo mfumo na MariaDB wamechukua MB 900, unabaki na kama MB 1,100, yaani michakato 18 kwa jumla ya tovuti zote. Panga 15. Ongeza swapi ya GB 2 kama mto wa kuangukia tu: `fallocate -l 2G /swapfile`, `chmod 600 /swapfile`, `mkswap /swapfile`, `swapon /swapfile`, kisha mstari wake kwenye `/etc/fstab`, la sivyo itatoweka ukiwasha seva upya.

Za kulipia

cPanel, pamoja na WHM, paneli ya msimamizi wa seva inayokaa juu yake, bado ndiyo paneli ambayo mteja yeyote ameshaiona mahali. WHM iko poti (namba ya mlango wa mtandao) 2087, cPanel yenyewe 2083, barua pepe ya kivinjari 2096. Ubora wake ni uhamishaji: chombo cha WHM kinavuta akaunti nzima kutoka seva nyingine, barua, hifadhidata na nenosiri lake, bila mteja kugundua. Ubaya unajulikana tangu 2019, walipoacha kutoza kwa seva na kuanza kutoza kwa idadi ya akaunti. Akaunti uliyofungua kwa majaribio ukaisahau nayo inahesabiwa, kwa hiyo pitia orodha kabla ya siku ya malipo. Leseni imefungwa kwenye IP kuu ya seva. Ukibadilisha IP, utaambiwa huna leseni mpaka uihamishe kwa aliyekuuzia na uendeshe `/usr/local/cpanel/cpkeyclt`. Inataka mfumo endeshi mtupu, usio na Apache wala MySQL ya zamani, na jina kamili la seva kama `seva1.mfano.com`. Usiipe seva jina la `mfano.com` lenyewe, maana baadaye hutaweza kufungua akaunti ya kikoa hicho. Chini ya GB 2 usijaribu. Kwenye GB 4 ndipo inapumua.

Plesk, poti 8443, ndiyo ya kuchukua ikiwa una Windows Server, maana cPanel haifanyi kazi huko. Kwa Linux, kinachoitofautisha ni WP Toolkit ya kusimamia WordPress, hasa kunakili tovuti kwenda kikoa cha majaribio na kuirudisha, na amri ya `plesk repair`, ambayo hutengeneza mengi kuliko unavyotarajia kutoka kwa kitufe cha aina hiyo. Ukisahau nenosiri, `plesk login` kwenye SSH inakupa kiungo cha kuingilia mara moja. Leseni zake za daraja la chini hupangwa kwa idadi ya vikoa. Ajuaye hili hashangai: Plesk na cPanel ziko chini ya mmiliki mmoja, WebPros, kwa hiyo kuikimbia moja kwa hasira ya bei ukaangukia nyingine ni kuhama chumba ndani ya nyumba ileile.

DirectAdmin, poti 2222, ndiyo tunayoipendekeza kwa anayelipia na kuhesabu RAM. Ni nyepesi, na inapokea akaunti zilizohifadhiwa kutoka cPanel ikazigeuza kuwa zake. Sura yake haina mbwembwe. Programu zake hujengwa kwa CustomBuild, na hapo ndipo uvumilivu unapotakiwa: kubadilisha toleo la PHP kunaweza kuchukua dakika kadhaa kwenye seva ya vCPU moja, na ukikata terminali katikati unabaki na PHP nusu. Endesha ndani ya `tmux`, inayoacha kazi iendelee hata muunganisho ukikatika.

Za bure

HestiaCP ndiyo tungeiweka kwenye VPS ndogo bila kufikiri mara mbili. Ilizaliwa kutoka VestaCP, ambayo mwaka 2018 ilidukuliwa mpaka skripti yake ya usakinishaji. Hestia inaendelea kutunzwa na inapokea viraka. Inakubali Debian na Ubuntu tu; ukiwa na AlmaLinux, pita. Pakua `hst-install.sh` na uiendeshe hivi kwenye seva ndogo:

`bash hst-install.sh --clamav no --spamassassin no`

Kama barua pepe ziko kwingine, ongeza `--exim no --dovecot no`, na utaona tofauti kwenye `free -m`. Mwisho wa usakinishaji skripti inaandika anwani na nenosiri kwenye skrini. Nakili hapohapo. Ukilipoteza, ingia kwa SSH kama root na utumie `v-change-user-password`, ukifuatisha jina la mtumiaji na nenosiri jipya. Kila kitufe kwenye Hestia kina amri yake inayoanza na `v-`, na hilo ndilo linaloipa uzito machoni petu: kivinjari kikikataa, kazi haisimami.

Makosa ya wanaoanza na Hestia ni yaleyale. Wanaweka tovuti chini ya msimamizi badala ya kufungua mtumiaji wa kawaida, hivyo programu-jalizi moja mbovu ya WordPress inapoingiliwa, mdukuzi anajikuta kwenye akaunti yenye funguo zote. Wanawasha `ufw` juu ya faiwoli ya Hestia, sheria zinagongana, poti 8083 inajifunga. Halafu wanahariri `nginx.conf` ya kikoa, faili la mipangilio la Nginx (programu inayotoa kurasa za tovuti), kwa mkono, na wiki ijayo paneli inaiandika upya kutoka kwenye kiolezo. Hestia ina njia halali: weka mistari yako kwenye faili la pembeni, kwa mfano `/home/jina/conf/web/mfano.com/nginx.ssl.conf_ziada`. Chochote kinachoanza na `nginx.ssl.conf_` husomwa na hakifutwi. Jaribu kwa `nginx -t` kabla ya kupakia upya, kwa sababu nukta-mkato moja iliyosahaulika huzuia Nginx ya vikoa vyote, si hicho kimoja.

CloudPanel ni ya mtu asiyetaka barua pepe kwenye seva, maana haina kabisa, wala haina seva ya DNS. Kwa hasara hiyo unapata Nginx iliyopangwa vizuri kwa PHP, Node.js na Python. Inatumia 8443 kama Plesk. Tahadhari moja: mara tu ikimaliza kusakinishwa, fungua ukurasa wake uunde msimamizi palepale. Anayefika wa kwanza ndiye anayejisajili kuwa msimamizi, na roboti hazinywi chai.

CyberPanel, poti 8090, hutafutwa kwa sababu ya OpenLiteSpeed, programu ya kutoa kurasa kama Nginx, na akiba yake ya kurasa za WordPress, ambayo kweli ina kasi. Lakini Oktoba 2024 ilipatikana na tundu lililomruhusu mtu yeyote kuendesha amri kama root bila kuingia, CVE-2024-51567, na zaidi ya seva 20,000 zilizokuwa wazi kwenye intaneti zikalengwa, nyingi faili zake zikafungwa na programu ya kudai fidia iitwayo PSAUX. Tundu lilizibwa. Bado, ukiitumia, poti 8090 isionekane na ulimwengu.

Webmin ina umri mkubwa kuliko nyingi za hapa, tangu 1997, na haikusudiwi kuuza nafasi bali kuendesha Linux yenyewe: watumiaji, diski, cron (ratiba ya kazi za kujiendesha), vifurushi. Virtualmin ndiyo inayoongeza vikoa juu yake. Nayo ina kovu: toleo 1.890 lilisambazwa likiwa na mlango wa nyuma uliopandikizwa kwenye seva ya kujengea, na ukagunduliwa 2019. Cockpit, poti 9090, ni dirisha safi la kuangalia huduma na logi, si paneli ya tovuti. ISPConfig inafaa ukiwa na seva kadhaa za kusimamia pamoja. Kwa moja ni mzigo.

Poti ya paneli

Matukio hayo yote yanakwenda mahali pamoja. Paneli huendesha amri kama root, kwa hiyo ukurasa wake wa kuingilia ni ufunguo wa nyumba nzima ulioning'inizwa barabarani. Kubadilisha namba ya poti kunapunguza kelele kwenye logi, hakuzuii tundu. Kinachozuia ni kuifunga poti kwa kila mtu isipokuwa IP yako, au kuifunga kabisa na kupita ndani ya SSH. Kwa Webmin: `ssh -L 10000:localhost:10000 jina@IP`, kisha kwenye kivinjari `https://localhost:10000`. Kivinjari kitalalamikia cheti, na hapa ni kawaida.

Fail2ban, programu inayofungia IP zinazokosea nenosiri mara nyingi, nayo hukamata wasio na hatia. Mfano unaojirudia: mtu kabadilisha nenosiri la barua pepe kwenye kompyuta, simu yake bado ina la zamani na inajaribu kila baada ya dakika chache. Seva inaipiga marufuku IP ya ofisi nzima, na simu zinaanza kuingia kwamba tovuti imekufa, ingawa kwa data ya simu inafunguka vizuri. `fail2ban-client unban` na IP hiyo inaifungua, lakini itafungwa tena mpaka simu yenyewe irekebishwe.

Vyeti na barua pepe

Karibu zote zina kitufe cha Let's Encrypt, na kikikataa watu hukibonyeza tena na tena. Usifanye hivyo: majaribio 5 yaliyoshindwa ndani ya saa moja kwa jina moja yanakufungia. Soma logi kwanza. Sababu kubwa ni tatu. Poti 80 imefungwa kwenye faiwoli, ilhali uhakiki wa kawaida hupitia hapo hata kama tovuti ni ya HTTPS. Au rekodi ya `www` haipo kwenye DNS lakini imewekewa alama kwenye paneli. Au, na hii ndiyo inayopoteza siku nzima, kikoa kina rekodi ya AAAA (ya anwani ya IPv6) ya seva ya zamani: Let's Encrypt hupendelea IPv6, kwa hiyo inakwenda kule huku wewe ukiikagua ya IPv4 na kuiona haina tatizo. `dig AAAA mfano.com` inalimaliza. Vyeti vyake vya kawaida hudumu siku 90, na kama havijirefushi vyenyewe, kagua cron ya paneli.

Barua pepe ndipo paneli ya ndani na ya nje zinapokutana, na ndipo lawama hupotea njia. Paneli ya ndani itakuundia sanduku, pamoja na SPF na DKIM (rekodi za DNS zinazothibitisha mtumaji), kwa kubonyeza mara mbili. Ila poti 25 ya kutokea huzuiwa na kampuni nyingi kwa wateja wapya, na hakuna kitufe cha ndani kitakachoifungua. Jaribu `nc -vz gmail-smtp-in.l.google.com 25`, ikining'inia bila jibu, andika kwa kampuni au tumia huduma ya kupitishia barua. PTR nayo inawekwa nje, na lazima ilingane na jina la seva ambalo programu ya barua (Exim au Postfix) inajitambulishia. Tangu Februari 2024 Gmail imekaza masharti kwa watumaji, kwa hiyo barua isiyo na SPF wala DKIM usitegemee ifike.

Nakala za akiba na siku ya kuhama

Kwa kawaida paneli huhifadhi nakala kwenye diski ileile, Hestia kwa mfano kwenye `/backup`. Hiyo inakuokoa na mteja aliyefuta faili, haikuokoi na diski iliyokufa. Tena ndiyo inayojaza diski usiku: akaunti ya GB 12 inataka nafasi ya muda ya kufungashia, nafasi haipo, MariaDB inashindwa kuandika, na asubuhi hata ukurasa wa paneli haufunguki. Ingia kwa SSH au koni, `df -h`, halafu `df -i` kwa sababu diski inaweza kuisha inodi (nafasi za kuorodhesha faili) huku GB zikiwa tele, kisha `du -xh --max-depth=1 / | sort -h` kumtafuta mlaji. Elekeza nakala kwenye seva nyingine kwa SFTP au kwenye hifadhi ya aina ya S3, na mara moja kwa mwezi rudisha akaunti moja kwenye VPS tupu uone kama inafunguka.

Jambo ambalo hakuna ukurasa wa mauzo unaoliandika: paneli hizi haziondoki. Zikishaingia zimebadilisha Apache, barua, watumiaji, cron na hazina za vifurushi, na kitufe cha kuziondoa kwa usafi hakipo. Ukitaka kutoka cPanel kwenda Hestia, kodi VPS ya pili, hamishia huko akaunti moja moja, shusha TTL ya DNS (muda ambao rekodi hukumbukwa) hadi sekunde 300 siku moja kabla, badilisha rekodi, na uiache ya zamani ikiwaka kwa siku kadhaa ukikagua kama bado kuna barua zinazoingia huko.